Miti, Moto na Wanafunzi: Historia ya Utunzaji wa Ardhi katika Nachingwea na Ruangwa

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, zilizo upande wa bara wa Mkoa wa Lindi, kati ya bonde la mto Mbwemkuru na lile la Lukuledi, zimo katika ukanda wa miombo, yaani misitu ya miti inayopukutisha majani wakati wa kiangazi na kuchipua upya mvua zinapokaribia, na ambamo hupatikana mninga, msolo na mpingo, mti wa taifa la Tanzania. Mvua za huko ni za msimu mmoja: huanza mwishoni mwa Novemba au katika Desemba, hukoma Aprili au siku chache za Mei, na baada ya hapo ardhi hukauka kwa zaidi ya nusu mwaka, nyasi zikawa njano na moto ukapata chakula tele. Anayetaka kuelewa jinsi vijana wa shule walivyoshiriki kutunza mazingira ya wilaya hizo hana budi kuanzia kwenye kalenda hiyo ya mvua na ukame, kwa sababu amri na kampeni zilizoletwa huko tangu enzi ya ukoloni zilifaa au zilishindwa kwa kadiri zilivyoiheshimu.

Kabla ya shule za maandishi kuenea, mafunzo ya vijana wa Kimwera, Kiyao na Kimakua yalikuwa mikononi mwa wazee, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo ilitolewa katika jando na unyago, ambazo ni taasisi za kuwaingiza wavulana na wasichana katika utu uzima. Humo kijana alifundishwa adabu na wajibu wa ndoa, lakini pia alijifunza majina na matumizi ya miti, kwa kuwa dawa, kamba, mipini na mizinga ya nyuki vyote vilitoka porini. Baadhi ya miti ilikuwa na heshima ya kipekee, kama msolo, ambao chini yake Wayao waliweka unga wa sadaka walipowaomba wahenga, na vichaka vya makaburi na matambiko havikukatwa ovyo. Haifai kuikuza hali hiyo hadi ionekane kama sera ya misitu, kwa maana watu walikuwa wachache, mashamba yalihamahama na pori lilikuwa na nafasi ya kujiponya. Hata hivyo, mazoea hayo yalikuwa na jambo moja ambalo miradi mingi ya baadaye ililikosa, nalo ni kwamba kijana alikabidhiwa wajibu juu ya mahali anapopajua, na mtu mzima anayemjua ndiye aliyemwuliza habari zake.

Pigo kubwa zaidi kwa misitu ya Nachingwea lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1946 Uingereza, iliyokuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, ilituma Tanganyika ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa koloni hilo, na ujumbe huo ukapendekeza mashamba makubwa ya karanga yaliyogawanywa katika vitengo 107 vya ekari 30,000 kila kimoja, yaani zaidi ya ekari milioni 3 kwa jumla, katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Jimbo la Kusini ndilo lililotengewa sehemu kubwa kuliko majimbo yote, vitengo 55, kwa sababu machoni mwa wapangaji lilikuwa nchi tupu. Utupu huo ulikuwa na historia yake: vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata Wajerumani walipochoma vijiji na vyakula, viliwapunguza watu na kuwatawanya, na pori likarudi mahali palipokuwa mashamba.

Nachingwea kama mji ni mtoto wa mradi huo. Ilichaguliwa kuwa makao ya mradi kwa upande wa kusini, ikajengewa reli kutoka pwani na kuwa sababu ya kujengwa kwa bandari ya Mtwara, huku matingatinga, na hata vifaru vya kivita vya aina ya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta, vikiletwa Tanganyika kwa ajili ya kung'oa miti. Njia iliyotumika ilikuwa ya kutisha kwa wepesi wake, kwani mashine mbili zilifungwa mnyororo mzito wa nanga ya meli, zikatembea sambamba, na kila mti uliosimama katikati yake ukaangushwa, kisha magogo yakasukumwa katika marundo marefu na kuchomwa moto. Miti iliyohitaji miongo kadhaa kukua, na mpingo ambao huweza kuchukua miaka 70 au zaidi kabla ya kufaa kuvunwa, iliondolewa kwa asubuhi moja. Karanga zilizotarajiwa hazikupatikana. Mapema mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango huo na kufuta hasara ya takriban pauni milioni 36, na ardhi iliyobaki ikakabidhiwa Shirika la Kilimo la Tanganyika, lililojaribu kuwaweka wakulima wapangaji katika baadhi ya mashamba hayo. Reli yenyewe iling'olewa katika miaka ya 1960, lakini Nachingwea bado ina kata iitwayo Stesheni, na shamba lililojulikana kwa namba, Farm 17, lilikuja kuwa kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji, kisha jina hilo likachukuliwa na shule ya sekondari.

Ni jambo la kuzingatiwa kwamba watoto waliosoma Nachingwea baada ya uhuru walisoma juu ya ardhi iliyovuliwa nguo namna hiyo. Walipoambiwa wapande miti, hawakuwa wakipamba uwanja, bali walikuwa wakirudisha kivuli mahali ambapo kizazi cha wazazi wao kilikishuhudia kikiondolewa.

Shamba la shule lenyewe lilikuwapo tangu mapema zaidi. Wamisionari Waanglikana walikuwa wamefika Masasi mwaka 1876, na Wabenedikto wa Kijerumani walikuwa na kituo Nyangao, kilichochomwa mwaka 1905 katika Maji Maji, na kuanzia mwaka 1906 wakakaa Ndanda, ambako miembe na bustani za mboga zilikuwa sehemu ya maisha ya misheni kama kengele na kanisa. Tume ya Phelps-Stokes, iliyoizuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ili kuchunguza elimu ya Waafrika, ilisisitiza kilimo na kazi za mikono, na serikali ya Tanganyika ikaupokea ushauri huo. Kazi ya mwanafunzi shambani ilikuwa na sura mbili zisizopatana. Kwa upande mmoja alijifunza kutengeneza matuta ya kuzuia mmomonyoko, yaani kingo za udongo zinazofuata usawa wa mteremko ili maji ya mvua yasikimbie na kubeba rutuba. Kwa upande mwingine wazazi wengi waliona kwamba mtoto amepelekwa shule ili atoke kwenye jembe, na walichukia kuona jembe likimngoja darasani, hasa pale mazao yalipoishia kwa mwalimu. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki, na yameendelea kusikika katika kila enzi iliyofuata.

Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe jumuiya inayofanya kazi na kujifunza kwa pamoja, ambamo wanafunzi wanashiriki kupanga kazi na kuona faida yake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikaza uzi huo na kuharakisha elimu ya msingi kwa wote. Katika Mkoa wa Lindi, uliogawanywa kutoka Mtwara mwaka 1971, shule zilipata mashamba, na zao lililoonekana kufaa lilikuwa mkorosho, ambao pamoja na kutoa korosho ni mti wa kudumu unaoshika udongo na kuufunika kwa majani. Mwanafunzi wa miaka hiyo alijifunza kupalilia chini ya mkorosho kabla ya kiangazi, kuondoa matawi makavu na kufyeka ukanda wa kuzuia moto kuzunguka shamba. Andiko la Nyerere lilitaka wanafunzi washiriki kuamua, ila katika shule nyingi jambo hilo ndilo lililopungua kuliko yote: kazi ilibaki, mashauriano yakatoweka, na mahali pengine kulima kukageuzwa adhabu ya mchelewaji. Mtoto aliyeadhibiwa kwa kumwagilia mti hawezi kulaumiwa akiuchukia mti huo, na hapana shaka kwamba desturi hiyo iliharibu zaidi ya ilichojenga.

Wakati huohuo makazi yenyewe yalibadilika. Kuwahamishia watu katika vijiji, kulikofikia kilele kati ya mwaka 1973 na 1976, kuliwakusanya watu waliokuwa wametawanyika katika mashamba yao na kuwaweka kando ya barabara, karibu na shule na zahanati. Faida za huduma zilionekana, lakini mikorosho mingi iliachwa mbali na wenyewe, ikamezwa na vichaka na kuungua, na hiyo ni sababu mojawapo ya korosho za Tanzania kushuka kutoka takriban tani 145,000 katika msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Kaya nyingi zilipokaa mahali pamoja, kuni za karibu ziliisha, pori likazidi kusogea mbali, na mzigo wa mwendo huo uliwaangukia wanawake na wasichana, ambao wengi wao walikuwa wanafunzi.

Hali hiyo haikuwa ya kusini peke yake, na taifa lilijibu kwa kampeni. Mwaka 1980, baada ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, ilianzishwa kampeni ya Misitu ni Mali, iliyotumia redio na vikundi vya kujisomea kuwaeleza wananchi uhusiano wa miti, maji na udongo. Katika muongo huohuo klabu za Malihai, ambazo ni vikundi vya hiari vya wanafunzi wanaojifunza kuhusu wanyamapori na mazingira, zilienea katika shule na vyuo vya ualimu, kama zile za Kenya zilizoanzishwa mwaka 1968, na mwaka 1991 mtafiti wa sokwe Jane Goodall alianzisha Roots & Shoots jijini Dar es Salaam pamoja na wanafunzi wa sekondari. Tofauti ya vikundi hivi na shamba la shule ni kwamba mwanafunzi aliingia kwa kutaka mwenyewe, na pale mwalimu mlezi alipokuwa na moyo, klabu iliweza kuendelea hata baada ya kampeni yenyewe kunyamaza.

Kazi iliyoonyesha ustadi wa wanafunzi kuliko zote ni ya kitalu, yaani sehemu ya kuotesha na kulea miche kabla ya kuipeleka shambani. Kitalu cha shule katika maeneo haya kinapaswa kuanza kiangazi, Agosti au Septemba, ili miche iwe na kimo cha kutosha mvua zinapoanza. Wanafunzi huleta udongo mweusi kutoka chini ya miti, mchanga kidogo na samadi iliyoiva, huvichekecha na kuvichanganya, kisha huujaza mchanganyiko huo katika viriba, ambavyo ni vifuko vidogo vya nailoni vilivyo wazi au vilivyotobolewa chini ili maji yasituame. Mbegu ya mjohoro huhitaji kulowekwa katika maji ya moto ili ganda lake gumu lilegee. Kitalu huwekewa kichanja cha nyasi kwa ajili ya kivuli, na majuma machache kabla ya kupanda kivuli hupunguzwa na maji hupunguzwa pia, ili mche uzoee jua na kiu utakayokutana nayo. Mizizi iliyopenya chini ya kiriba hukatwa, kwa maana mche ulioachwa ukajizika ardhini utang'olewa na mizizi yake itabaki hapohapo. Haya yote hufanywa kwa mikono midogo, kwa dakika chache asubuhi na jioni, na mwanafunzi anayekosa zamu yake siku mbili mfululizo katika Oktoba ya Nachingwea hukuta mstari mzima umenyauka.

Maji ndiyo kizuizi. Katika shule isiyo na bomba wala kisima, kila lita hufika kwa dumu kichwani, na ndiyo maana matumizi ya maji yaliyokwisha kunawia mikono au kuoshea vyombo yamekuwa desturi ya maana kuliko hotuba nyingi. Chupa tupu ya maji ya dukani, ambayo ingetupwa au kuchomwa, hutobolewa tundu dogo na kusimikwa kando ya shina, ikawa inadondosha maji polepole kwenye mizizi. Majani makavu yanayofagiliwa uwanjani kila asubuhi, badala ya kukusanywa na kutiwa kiberiti, hutandazwa chini ya mti au hutupwa katika shimo la mboji. Kuchoma takataka za uwanja ni tabia ya miaka mingi katika shule za Tanzania, na imeiondolea ardhi iliyochoka chakula ambacho wanafunzi walikuwa tayari wamekikusanya kwa ufagio.

Kuhusu moto, wanafunzi wamo katika lawama na katika ulinzi vilevile. Panya wa porini ni kitoweo kinachopendwa katika maeneo mengi ya kusini mwa Tanzania, na wavulana huwawinda mara nyingi kwa kuwasha nyasi ili watoke mashimoni, nao warina asali hutumia moshi na mienge ambayo isipozimwa vizuri huacha moto nyuma yao. Miombo huvumilia moto wa mapema, Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu. Moto wa Septemba na Oktoba, unaokuta kila kitu kimekauka, huua miche na kuingia katika mikorosho wakati ambapo korosho zinakaribia kuvunwa. Kijana anayejua tofauti hiyo, akaachana na moto na kuwinda kwa mitego au kwa kuchimba, ameokoa eneo kubwa kuliko lile ambalo darasa lake lingeweza kulipanda kwa mwaka. Katika miaka ya karibuni, ufuta ulipopata bei nzuri, familia nyingi za Ruangwa na Nachingwea zimefyeka misitu kwa ajili ya mashamba mapya, na moto wa kusafishia mashamba hayo umeongeza hatari. Kwa kuwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviruhusu vijiji kutenga misitu yao ya hifadhi na kuweka sheria ndogo za kuilinda, mwanafunzi anayejua mpaka wa msitu wa kijiji chake uko wapi anaweza kuwa shahidi mzuri nyumbani, mahali ambapo uamuzi wa kufyeka hufanywa.

Kuna ukinzani ambao historia ya haki haiwezi kuuficha. Shule zilezile zilizopanda miti ziliwataka wanafunzi waje na kuni kwa ajili ya jiko la uji, na mara nyingine kwa ajili ya nyumba za walimu. Mtoto aliyemwagilia mche Jumatatu alikata mti mchanga Ijumaa, maana huo ndio unaobebeka. Majiko banifu, yaliyojengwa kwa udongo au matofali ili kubana joto na kupunguza kuni, yalisaidia kwa kiasi, na serikali ilielekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024. Mwaka huohuo ukazinduliwa mkakati wa kitaifa wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwa shule ya kutwa iliyo mbali na mji, ambako mtungi wa gesi hulipiwa kwa michango ya wazazi wanaopata fedha mara moja kwa mwaka baada ya mauzo ya korosho au ufuta, agizo hilo ni gumu, na lisiposindikizwa na fedha, mzigo wa kuni utarudi kichwani mwa mtoto.

Hatua ya serikali iliyoonekana upesi zaidi ilihusu mifuko ya plastiki. Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa na mwalimu kwa taaluma, alitangaza bungeni kwamba matumizi yake yangekoma kuanzia tarehe 1 Juni mwaka huo. Mfuko wa rambo, kama ulivyojulikana mitaani, ulikuwa pia mkoba wa shule wa watoto wengi wa vijijini, waliobebea madaftari humo hasa wakati wa mvua, na ulipochakaa ulitupwa njiani, ukaziba mitaro au ukaliwa na mbuzi. Nafasi yake ilichukuliwa na mifuko ya kushonwa kwa vitambaa na vipande vya khanga, na vikapu vya ukindu ambavyo bibi zao hawakuwahi kuviacha. Vifungashio vya kilimo havikuhusishwa na katazo hilo, lakini viriba vinavyoachwa ardhini baada ya kupanda ni plastiki vilevile, na kuviokota siku ya kupanda ni sehemu ya kazi isiyopaswa kusahauliwa.

Mwaka 2022 Ofisi ya Makamu wa Rais ilianza kuhimiza kampeni ya Soma na Mti, inayomtaka kila mwanafunzi apande mti na kuutunza muda wote anaposoma. Uzito wa kampeni hiyo umo katika nusu yake ya pili, kwa kuwa kupanda kulikwisha kuwa sherehe ya kila mwaka kwa muda mrefu bila kuulizwa mti uliopandwa umeishia wapi. Siku ya taifa ya kupanda miti ni tarehe 1 Aprili, ambayo inafaa mikoa inayopata masika, lakini kwa Nachingwea na Ruangwa tarehe hiyo huangukia mwishoni mwa mvua, na mche unaopandwa siku hiyo hupata majuma machache tu ya unyevu kabla ya miezi saba ya ukame. Muhula wa kwanza wa shule huanza Januari, mvua zikiwa zimekolea, na shule inayopanda katika majuma yake ya kwanza huupa mti karibu miezi minne ya kujishikiza. Shida inayobaki ni ya mlezi. Mwanafunzi wa darasa la 7 humaliza mtihani wake Septemba na kuondoka, katikati ya kiangazi kikali kabisa, naye huacha mti wake bila mwenyewe wakati unapomhitaji zaidi. Kwa hiyo mti uliopandwa Januari hukabidhiwa vizuri zaidi kwa mtoto wa darasa la 3, ambaye ana viangazi kadhaa mbele yake shuleni hapo, na wa darasa la 7 hubaki na kazi ya kumfundisha namna ya kutoboa chupa, kutandaza majani na kufyeka nyasi kuzunguka shina kabla ya Juni, likizo haijaanza.